Filimbi Isiyo na Nyumba: Mabingwa wa Mwanzi katika Muziki wa Raga

Mwalimu aliyemkamilisha Hariprasad Chaurasia, mpuliza filimbi anayejulikana kuliko wote India, hakuwa mpuliza filimbi. Alikuwa mwanamke wa Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, aitwaye Annapurna Devi, bingwa wa surbahar, ala ya nyuzi inayofanana na sitar ila ni kubwa na sauti yake ni nzito zaidi. Wakati huo alikuwa ameshaacha kupiga mbele ya watu. Alifundisha nyumbani kwake, na alifundisha kwa kuimba: yeye anaimba kipande, mwanafunzi anakitafuta kwenye mwanzi wake mpaka akipate. Kidole ukiweke wapi na pumzi uikate wapi, hilo lilikuwa shauri la mwanafunzi.

Mgeukie sasa aliyemtangulia Chaurasia, Pannalal Ghosh, ambaye wengi humwita baba wa filimbi hii ya kisasa. Mwalimu wake mkubwa wa kwanza alikuwa mpiga harmoniamu, Khushi Mohammed Khan. Akafuata mwimbaji, Girija Shankar Chakrabarty. Mwaka 1947 akaenda kwa Allauddin Khan, ustadhi wa sarod, ala nyingine ya nyuzi, ambaye ndiye baba mzazi wa Annapurna Devi. Ukishuka kusini utamkuta T. R. Mahalingam, aliyeanzia kwa mjomba wake, naye alikuwa akifundisha watoto kuimba.

Mtu anayeujua muziki wa India kidogo tu ataona kuna kitu hakijakaa sawa hapa. Muziki ule ni wa silsila. Mpiga sitar hujifunza kwa mpiga sitar, mwana kwa baba, mpwa kwa mjomba, na ukoo huo wa ufundi huitwa gharana, neno litokanalo na ghar, yaani nyumba. Ukimuuliza mwanamuziki yeye ni nani, atakutajia nyumba yake kabla ya kukutajia miaka aliyosoma: nyumba ya Gwalior, ya Agra, ya Kirana, ya Maihar. Mkubwa akiwa Mwislamu huitwa ustad, neno lile lile lililofika kwetu likawa ustadhi. Akiwa Mhindu huitwa pandit. Waimbaji wana nyumba zao, nao wapiga sitar, sarod na tabla, zile ngoma mbili ndogo za mkono, wana zao. Filimbi haikuwa nayo. Mtoto asiye na baba hulelewa na mtaa mzima, na ndivyo ilivyokuwa kwa filimbi: mabingwa wake walibisha hodi kwenye nyumba za wengine.

Kwa nini ilikosa nyumba? Tuanze na ala yenyewe, maana jibu kubwa limo ndani ya ule mwanzi.

Kipande cha mwanzi chenye matundu saba

Nikisema filimbi, msomaji asifikirie ile ya refa. Hii huitwa bansuri: bans ni mwanzi, sur ni noti ya muziki. Ni ya kulala, yaani hupulizwa ikiwa imelazwa kando ya uso. Kipande kimoja cha mwanzi, upande mmoja umezibwa, upande mwingine wazi. Lipo tundu moja la kupulizia, na sita za vidole. Haina funguo, haina ulimi wa tete kama zumari, haina kitu cha kukaza wala kulegeza. Mwanzi unaotafutwa ni wenye ganda jembamba na pingili ndefu, ule umeao Assam na majirani zake kaskazini-mashariki ya India, kwa sababu filimbi nzima lazima itoke kwenye pingili moja. Fundo likitokea katikati, umeharibikiwa. Watengenezaji huufunga uzi sehemu kadhaa ili usipasuke, na bado hupasuka, hasa ukipelekwa Ulaya wakati wa baridi, kwenye vyumba vilivyokaushwa na mitambo ya joto.

Noti saba za muziki wa India ni Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Sa ndiyo nyumbani. Nyingine zote hupimwa kutoka kwake. Sasa ushike mwanzi wa kuwaziwa. Vidole vitatu vya mkono wa juu, yaani shahada, cha kati na cha pete, vimefunika matundu matatu yaliyo karibu na mdomo. Vitatu vya mkono wa chini vimefunika yaliyobaki. Ukipuliza polepole huku umefunga yote sita, unapata Pa ya chini. Nyanyua kidole cha mwisho kabisa upate Dha, kinachofuata upate Ni, kinachofuata tena upate Sa. Kumbe nyumbani si mwanzoni mwa mwanzi bali ni katikati, matundu matatu yakiwa yamefungwa. Endelea kufungua: Re, kisha Ga. Ukilifungua nusu tundu la juu kabisa unapata Ma. Ukiyaacha yote wazi unapata Ma kali, ambayo Wahindi huiita tivra.

Hiyo nusu ndiyo siri kubwa. Kwenye harmoniamu, baina ya noti na noti pana ukuta: ama unabonyeza hiki, ama unabonyeza kile. Kwenye mwanzi hapana ukuta. Nyama ya kidole huteleza juu ya tundu, ikilifunua robo, nusu, robo tatu, na sauti hupanda bila kukatika, kama ya mtu anayeimba. Utelezi huo huitwa meend, na bila ya huo hakuna raga, yaani ule mpangilio wa noti na misemo ambao mpigaji huukuza kwa kubuni papo hapo. Wala si jambo jipya. Natyashastra, kitabu cha kale cha Kisanskriti kuhusu michezo ya jukwaani, ngoma na muziki, kinaeleza namna ya kupata noti za filimbi kwa kidole kilicho wazi, kilichofungua nusu, na kinachotikisika. Redio ya taifa ya India iliwahi kuifungia harmoniamu kabisa mwaka 1940 kwa sababu ya ule ukuta, na kufuli halikuanza kulegezwa mpaka 1971. Watu wa Mombasa, ambao taarabu yao ya mtindo wa Kihindi haiendi bila harmoniamu, wataona ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo filimbi ilikuwa na koo la mwimbaji tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa kifua.

Kifua kikaja na urefu

Filimbi za wachunga ng'ombe, na zile anazochorwa nazo Krishna, mungu mchungaji wa Vrindavan, ni fupi. Sauti yao ni nyembamba, ya juu, ya kuita kutoka mlima hadi mlima. Kwa wimbo wa kijijini inatosha kabisa. Raga lakini huanza chini. Mwimbaji wa khayal, uimbaji unaotawala jukwaa la kaskazini, huingia polepole, akizichimba noti za chini ya Sa moja moja kama mtu anayepapasa samani gizani. Sehemu hiyo huitwa alap, na yaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Ala isiyo na sauti ya chini haina cha kusema humo. Ndiyo maana filimbi ilipata kazi ya kupamba, kwenye ngoma, michezo na sinema, ilhali kiti cha mbele kilikaliwa na wengine.

Pannalal Ghosh alizaliwa Barisal mwaka 1911, mji ulioko Bangladesh ya leo. Alikuwa mtu wa mazoezi ya viungo na ngumi, kifua kipana, akahamia Calcutta na kufanya kazi kwenye muziki wa sinema. Mwaka 1938 alizunguka Ulaya na kundi la wacheza ngoma wa Seraikella, yeye akiongoza muziki. Mwaka 1940 alihamia Bombay, kwenye sinema tena. Katika miaka hiyo ndipo alipokuwa akijaribu mianzi mirefu zaidi na zaidi, hadi akatulia kwenye filimbi ya inchi 32 hivi, kama sentimita 80.

Urefu wenyewe una hesabu yake, na si ngumu. Ndani ya filimbi kinachotetemeka ni hewa. Bomba lililo wazi pande zote mbili (tundu la mdomo nalo huhesabiwa kuwa upande wazi) hutoa sauti ambayo wimbi lake ni mara mbili ya urefu wa bomba. Chukua filimbi inayopendwa na wapigaji wengi wa leo, ambayo Pa yake ya chini ina mitetemo kama 247 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Gawa, unapata wimbi la mita 1.39, nusu yake ni sentimita 69. Kwa hiyo kutoka mdomoni hadi ncha unahitaji karibu dhiraa moja na nusu ya mwanzi. Ukitaka sauti ya kiume, huna njia ya mkato, lazima mwanzi uwe mrefu, na mwanzi ukirefuka matundu huachana na kupanuka. Hapo ndipo vidole hulia. Mara ya kwanza nilipojaribu kuishika filimbi ya namna hiyo sikuweza kuyafunika matundu yote sita. Kila nilipobana la mwisho, la tatu lilivuja, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu kama ya baiskeli iliyotobolewa.

Pannalal hakuishia kwenye urefu. Alitoboa tundu la saba la vidole, chini kabisa, la kidole cha mwisho cha mkono wa chini. Waandishi wengi hulitaja tundu hilo kisha wakapita, kwa hiyo nitasimama hapa kidogo.

Rudi kwenye vidole vyetu. Ma kali hupatikana ukiyaacha matundu yote wazi. Noti inayofuata kupanda ni Pa, nayo hupatikana kwa kuyafunga yote sita na kuikaza pumzi ili sauti iruke daraja la juu. Maana yake ni kwamba kutoka Ma kali kwenda Pa, hatua ndogo kabisa ya nusu noti, mpigaji huondoka vidole vyote juu na kuingia vidole vyote chini kwa mpigo mmoja. Hapo hakuna kuteleza, pana korongo. Sasa fikiria raga kama Yaman, inayopigwa jioni, ambayo uzuri wake mwingi umo katika Ma kali hiyo na jinsi inavyoegemea Pa. Mwimbaji huvuta sauti kutoka moja hadi nyingine kama asali. Mpuliza filimbi anaruka.

Ukiwa na tundu la saba, mambo hubadilika. Funga yote saba, kaza pumzi, unapata Ma kali. Nyanyua kidole cha mwisho taratibu, unapata Pa. Kidole kimoja tu, utelezi kamili, na korongo limejengewa daraja. Tena ukipuliza polepole na yote saba yamefungwa, filimbi inashuka noti moja chini zaidi ya ilivyozoea.

Kwa ala hiyo aliweza kupiga raga nzito ambazo watu walidhani si saizi ya filimbi, akizipiga kwa mtindo wa uimbaji, yaani gayaki: misemo mirefu, pumzi ndefu, ulimi haugusi sana. Pia alitunga raga zake mwenyewe, kama Deepawali na Chandramauli. Mwaka 1956 aliitwa Delhi kuongoza okestra ya taifa ya redio, na huko akafariki Aprili 1960, akiwa hajafika miaka 50. Rekodi zake nyingi za awali ni za sahani za santuri zinazozunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ni dakika tatu hivi. Mtu aliyezoea alap ya nusu saa akakunjwa ndani ya dakika tatu! Zisikilize hata hivyo. Utasikia anavyochagua misemo kama mtu anayetuma simu ya maandishi na kulipia kila neno.

Nitaongeza jambo ambalo halipewi uzito wa kutosha, nalo ni maikrofoni. Sauti ya chini ya mwanzi mrefu ni tamu lakini ni ya upole. Ukumbini pasipo mitambo ingefunikwa na tabla. Nyumba za muziki zilikuwa zimekulia kwenye majumba ya wafalme na matajiri. Filimbi ilipopata kifua, majumba hayo yalikuwa yanafungwa, na mwajiri mpya alikuwa redio na studio za sinema. Pannalal alikuwa redioni, na Chaurasia naye aliingia redioni. Vijay Raghav Rao na Raghunath Seth, mabingwa wawili wakubwa wa kizazi kilichofuata, walitunga muziki wa filamu za serikali. Kama filimbi ilipata nyumba, basi ilikuwa ni chumba cha kupanga studioni.

Mtoto wa mpiga mieleka

Hariprasad Chaurasia alizaliwa Allahabad tarehe 1 Julai 1938. Baba yake alikuwa mpiga mieleka, na alitaka mwanawe awe mpiga mieleka. Mama alifariki mtoto akiwa mdogo. Kijana alikwenda ulingoni kumridhisha mzee, na muziki akajifunza kwa kificho. Baadaye amekuwa akisema mieleka ile haikupotea bure, ilimpa pumzi. Ukikumbuka na ngumi za Pannalal, utaona kwamba filimbi ya kisasa imejengwa na watu wa misuli, ingawa kwenye picha inaonekana ala ya watu laini.

Alianza kwa kuimba kwa jirani, kisha akamsikia Bholanath Prasanna wa Varanasi akipuliza filimbi, akamfuata na kukaa naye miaka minane. Huyo alikuwa mpuliza filimbi kweli. Alifanya pia kazi ya uchapaji ofisini, kazi ya heshima ambayo baba angeielewa. Mwaka 1957 redio ya taifa ikamwajiri Cuttack, Orissa, na miaka michache baadaye ikamhamishia Bombay. Hapo angeweza kustarehe. Alikuwa na mshahara, na studio za sinema zilikuwa zikimgombea.

Badala yake alikwenda kwa Annapurna Devi na kuomba kufundishwa. Alimkatalia, si mara moja. Mwishowe alikubali kwa sharti: asahau yote aliyojifunza, aanze alifu kwa ujiti. Chaurasia, kuonyesha kwamba hafanyi mzaha, akageuza mikono. Mpaka hapo alikuwa akiipulizia filimbi kulia kama watu wengi. Kuanzia siku hizo akaishika kushoto, mkono uliokuwa juu ukawa chini, na vidole vyake vyote vikarudi chekechea. Mwangalie kwenye picha yoyote ya miaka ya baadaye: filimbi inaelekea kushoto kwake. Mtu mzima mwenye kazi na jina, amejifanya mwanafunzi wa siku ya kwanza kwa hiari yake. Mimi huwa naikumbuka picha hiyo kila nikikaribia kujisifu kwa ninachokijua.

Alichokwenda kukitafuta pale ni kile ambacho nyumba ya Maihar, nyumba ya Allauddin Khan, ilikuwa nacho na filimbi haikuwa nacho: mwendo wa ala za nyuzi. Baada ya alap ya polepole, mpiga sarod huingia jod, ambapo mapigo huanza kusikika ingawa ngoma bado haijaingia, kisha jhala, ambapo nyuzi za pembeni hukwanguliwa haraka haraka mpaka muziki unachemka. Mwimbaji wa khayal hana sehemu hizo. Mpuliza filimbi naye hana nyuzi za pembeni. Chaurasia alizitafuta kwa ulimi na pumzi, akiikatakata hewa mdomoni kwa mipigo midogo ya kasi, noti ya nyumbani ikirudi rudi kati ya nyingine kama uzi unaokwanguliwa. Tofauti ya mabingwa wawili iko hapo. Pannalal alikwenda kwa mwimbaji akaleta urefu wa msemo. Chaurasia akaongeza mwendo wa nyuzi, akaacha tundu la saba, akarudi kwenye sita. Korongo la Ma na Pa analivuka kwa wepesi wa vidole na ujanja wa midomo, na wanaompenda husema huoni pengo lolote. Wafuasi wa Pannalal husema wanalisikia. Mimi nimesikiliza Yaman ya kila upande, na nikiulizwa mahali hapo pamoja tu, kura yangu naipeleka kwa Pannalal; kwa mengine yote ni vigumu kumwacha Chaurasia.

Sisi huku pwani tulimfahamu kabla ya kulijua jina lake. Mwaka 1967 alipiga katika albamu ya Call of the Valley pamoja na Brij Bhushan Kabra wa gitaa na Shivkumar Sharma wa santoor, ile meza ya nyuzi ya Kashmir inayogongwa kwa vijiti (si santuri ya sahani, ingawa majina yamepishana kidogo tu). Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa Bombay waliopiga katika wimbo aliorekodi huko George Harrison wa Beatles. Yeye na Shivkumar wakajiita Shiv-Hari na kutunga muziki wa sinema, ukiwamo wa Silsila ya 1981 na Chandni ya 1989. Nani aliyekaa mbele ya video ya Kihindi miaka ile, Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam, asizisikie? Ile filimbi inayoingia mpenzi anapogeuka kutazama nyuma ni jamaa ya filimbi inayopiga raga saa nzima, isipokuwa kwenye sinema imepewa sekunde kumi.

Kusini ni hadithi nyingine

Hadi hapa nimezungumzia kaskazini. Kusini mwa India, Tamil Nadu, Karnataka, Andhra na Kerala, kuna muziki mwingine wa raga uitwao Karnatic, na filimbi yake ni nyingine pia: fupi zaidi, ganda nene, matundu manane ya vidole. Muziki huo umejengwa juu ya nyimbo zenye maneno, na noti zake hutikiswa sana. Mtikiso huo huitwa gamaka. Aliyeipandisha filimbi jukwaani kama ala ya mbele anatajwa kuwa Sharaba Sastri wa Kumbakonam, kipofu, aliyeishi kuanzia 1872 hadi 1904 tu. Mwanafunzi wake Palladam Sanjeeva Rao aliendeleza mtindo wake, safi na wa noti zilizokatwa vizuri.

Kisha akaja Mahalingam, ambaye kila mtu alimwita Mali. Alizaliwa 1926, na alipanda jukwaani Madras akiwa na miaka saba. Aliona noti zilizokatwa vizuri haziwezi kuimba gamaka. Akabadili namna ya kuweka midomo na namna ya kupishanisha vidole, akifunga matundu kwa mpangilio ambao walimu wa zamani wangeukemea, na filimbi ikaanza kutikisika kama koo. Alikuwa pia mtu wa vituko. Tiketi zimeuzwa, ukumbi umejaa, Mali hayupo. Au yupo, anapuliza dakika chache, anaamua leo haikubali, anaondoka. Watu walikuwa wakirudi tena safari nyingine, na hicho ndicho kipimo cha jinsi alivyokuwa akipuliza siku iliyokubali. Alifariki mwaka 1986.

N. Ramani, aliyefuata njia ya Mali, alikuwa kinyume chake kwa tabia: alifika, alipuliza, alifundisha mamia. Ndiye aliyeleta kusini mwanzi mrefu wa kaskazini, na alipiga na Chaurasia jukwaa moja. T. Viswanathan naye alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani; kwa desturi ya ukoo wake mpiga ala lazima ajue maneno ya wimbo, na jukwaani alikuwa akiishusha filimbi katikati ya wimbo akauimba mstari kwa mdomo wake, kisha akaurudia kwa mwanzi. Kina dada wa Sikkil, Kunjumani na Neela, walipuliza wawili wawili, filimbi mbili pumzi moja, wakati ambapo mwanamke kushika filimbi jukwaani lilikuwa jambo la watu kunong'onezana.

Ukikaa kusikiliza

Tabu moja ya mpuliza filimbi haionekani kwa mtazamaji. Sitar hukazwa nyuzi dakika ile ile. Mwanzi ulivyotobolewa ndivyo ulivyo. Kwa hiyo tanpura, ile ala ya nyuma inayolia Sa na Pa bila kukoma, huifuata filimbi, wala si filimbi kuifuata tanpura. Tena pumzi ya mtu ni ya moto, na mwanzi ukipata joto sauti hupanda kidogo kidogo. Saa moja jukwaani, mpigaji anazungusha filimbi mdomoni unywele kwa unywele ili abaki palepale ilipo tanpura. Ndiyo maana pembeni yake huwa kuna mfuko wa filimbi kadhaa, na wakati mwingine katikati ya onyesho utaona amechukua nyingine fupi kwa kipande cha mwisho, mara nyingi wimbo mwepesi wenye harufu ya shamba, ile sauti ya mchungaji tuliyoanza nayo.

Tabla ikishaingia, hesabu mapigo. Mzunguko unaotumika zaidi, teental, una mapigo 16; mwingine, rupak, una saba na husikika kama mtu anayechechemea kwa makusudi. Mpigaji hutangatanga atakavyo, ila pigo la kwanza lazima alidake. Akilidaka vizuri, wazee mbele husema "wah!" na kutikisa vichwa.

Siku hizi wapo wengi. Ronu Majumdar ana filimbi ndefu zaidi ya ile ya Pannalal. Rakesh Chaurasia, mpwa wa Hariprasad, alishinda tuzo mbili za Grammy mwaka 2024 pamoja na Zakir Hussain wa tabla na Wamarekani Béla Fleck na Edgar Meyer. Kina dada Debopriya na Suchismita Chatterjee wametoka katika shule ya Chaurasia ya Mumbai, Vrindaban Gurukul, ambako wanafunzi huishi na mwalimu kwa mtindo wa zamani. Nyingine ipo Bhubaneswar, na kwa miaka mingi mzee alisimamia pia idara ya muziki wa India katika chuo cha muziki cha Rotterdam, Uholanzi. Filimbi sasa ina nyumba, tena mbili zisizoelewana sana. Nityanand Haldipur alijifunza kwa Devendra Murdeshwar, mkwe wa Pannalal, kisha akaenda kwa Annapurna Devi yule yule aliyemfundisha Chaurasia, na bado mwanzi wake una matundu saba ya vidole. Kwa hiyo ukimkuta mpuliza filimbi usiyemjua na ukataka kujua ametoka upande gani, usimuulize. Subiri apige Yaman, afike Ma kali, kisha tazama kidole cha mwisho cha mkono wake wa chini kama kina kazi.